Steringi Mpya: Tunamdai Nini Anayekuja Baada ya Tuliyempenda?



Siku ya pili ya Idi tulikuwa tumejazana sebuleni kwa mjomba, hapa Rwezamenyo. Pilau lilikuwa limekwisha, chai ya tangawizi inazunguka, watoto wanagombania pipi. Mjomba akasema leo tutaangalia filamu ya wakati wake, si hizi zetu za kupiga kelele. Kwenye flashi aliyoazima kwa jirani kulikuwa na filamu moja yenye jina la Bourne. Akachangamka.

"Hii ni ya Jason," alisema. "Kaeni muone mtu."

Tukakaa. Kwenye skrini ikaja milima ya theluji, na mtu mmoja anaibuka kutoka kwenye maji ya baridi. Mjomba akasogea mbele. "Huyu ni nani?" Mwanawe akamjibu, "Subiri, baba, Jason anakuja." Tukasubiri. Jina la Jason likatajwa. Picha yake ikapita. Yeye mwenyewe hakuja. Mwisho binamu yangu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta habari za msiba: "Baba, steringi ndiye huyu."

"Huyu?" mjomba aliuliza. "Huyu si steringi. Huyu ni mlinzi wa steringi."

Sebule nzima ikacheka. Mwingine akasema ni Bourne wa bandia, kama viatu vya bandia. Nusu saa haijafika rimoti ilikwishashikwa na tukahamia kwenye mpira. Mpaka leo hakuna hata mmoja pale anayejua filamu ile iliishaje, lakini ukiwauliza wote watakuambia ni mbaya.

Nami nilicheka, sikatai. Ila usiku, baada ya Isha, lile neno "bandia" lilinirudia na halikunichekesha tena. Nilikuwa nimewahi kuliandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, juu ya mtu wa kweli, na matokeo yake yapo hadi sasa. Nitalisema hilo mbele. Kwanza tuimalize filamu, maana ndani yake kuna swali ambalo nimeona linastahili kurasa za jarida letu: mtu anayekuja baada ya tuliyempenda, tunamdai nini kwa haki, na nini tunamdai kwa dhuluma?

Najua wapo ndugu watakaosema, "Wewe unasoma masomo ya Kiislamu, filamu za nini?" Sikuandika ili kuwaambia watu waangalie filamu. Nimeandika kwa sababu mtu akiwa kwenye mkeka na rimoti mkononi, hajichungi. Anasema kilichomo moyoni. Hukumu tunazozitoa kwa mzaha mbele ya skrini ndizo hizo hizo tunazozitoa msikitini, darasani na nyumbani, tofauti ni kwamba huko tunazivalisha kanzu.

Filamu yenyewe

Filamu tuliyoizima ni The Bourne Legacy, iliyotoka mwaka 2012. Kabla yake zilikuwepo 3: ya 2002, ya 2004 na ya 2007, zote Matt Damon akiwa Jason Bourne, jasusi aliyepoteza kumbukumbu na kuwindwa na watu wale wale waliomtengeneza. Filamu hizo zilibadilisha namna sinema za ujasusi zinavyopigwa. Ngumi zikawa za haraka, kamera inatikisika, na shujaa hana saa ya maajabu wala gari la kuruka. Ana akili yake na chochote kilichopo mezani.

Hapa kwetu wakubwa wetu wengi walizijua filamu za aina hiyo kwenye vibanda vya video, zikiwa agasobanuye, yaani filamu ambazo msimulizi anazifafanua kwa Kinyarwanda huku picha zinakwenda. Msimulizi hatafsiri tu. Anatania, anaonya, anampa mhusika jina la mtaani. Jirani zetu Waganda wana watu wao wa kazi hiyo, Watanzania walikuwa na Lufufu, Wakenya wana DJ Afro. Kwetu Rwanda jina lililovuma sana lilikuwa la Nkusi Thomas, aliyejulikana kwa wengi kama Yanga, aliyefariki mwaka 2022. Basi mkumbuke hili: Jason wa mjomba alikuwa anaongea Kinyarwanda.

Kwa nini Damon hakuwepo 2012? Mwongozaji wa filamu ya 2004 na ya 2007, Paul Greengrass, aliamua kutoendelea, na Damon alikuwa amesema hatarudi bila yeye. Waliokuwa na mali wakataka biashara iendelee. Tony Gilroy, aliyeshiriki kuandika zile 3 za mwanzo, akapewa kuongoza, na Jeremy Renner akachukuliwa kuwa steringi. Angalieni vizuri: Renner hakumsukuma mtu. Kiti alikikuta kitupu. Na wala hakuigiza kuwa Jason. Aliigiza mtu mwingine kabisa, Aaron Cross, jasusi wa mradi mwingine. Kwenye hadithi yenyewe, siri zilizofichuliwa na Jason zinawatia hofu wakubwa wa kazi hiyo, wanaamua kuufunga mradi wa kina Aaron na kuwaua waliomo. Kwa hiyo hata ndani ya hadithi, Aaron anawindwa kwa sababu ya jambo lililofanywa na Jason. Nje ya hadithi mwigizaji naye akawindwa na watazamaji kwa sababu hiyo hiyo. Wote wawili walilipa deni ambalo hawakulikopa.

Na sisi Waislamu hapo tuna la kusema, kwa kuwa Qur'ani inarudia zaidi ya mara moja kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Tunaisoma aya hiyo tukifikiria Siku ya Kiyama. Inatufaa pia sebuleni.

Malalamiko matatu

Nikiyachambua maneno ya siku ile ya Idi, nakuta malalamiko ya aina tatu yaliyochanganywa kwenye kikapu kimoja.

La kwanza ni "wametudanganya." Jina la Bourne limeandikwa kwenye jalada na Bourne mwenyewe hayumo. Hili ni lalamiko la haki. Katika fiqhi ya biashara tunafundishwa kuwa muuzaji haruhusiwi kuionyesha bidhaa kwa sura isiyo yake. Kuna hadithi maarufu ya Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono kwenye rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha unyevu. Mtu aliyelipa pesa kumwona Jason ana haki ya kulalamika. Lakini amlalamikie nani? Amlalamikie aliyeliandika jina kwenye jalada. Mwigizaji si mwenye duka.

La pili ni "kazi ni mbovu." Hili pia linaweza kuwa la haki, na wapo wahakiki walioiona filamu ile ina maneno mengi na mwisho unaokatika ghafla. Sharti lake ni moja tu: uwe umeiangalia. Mtu aliyezima dakika ya 30 hana ushahidi. Kadhi hapokei ushahidi wa mtu aliyetoka mahakamani kabla ya kesi kusikilizwa.

La tatu ni "si yeye." Hili ndilo lililokuwa na nguvu kuliko yote sebuleni, na ndilo lisilo na hoja ndani yake. Ni kweli kwamba si yeye. Ni kweli tangu mwanzo, ni kweli hata akifanya vizuri, na hakuna kitu ambacho Renner angeweza kufanya, hata angeruka kutoka mnara wa juu kuliko yote duniani, kikamfanya awe yeye. Unapomdai mtu kitu ambacho hana njia ya kukilipa, hapo hudai tena haki. Unamwadhibu.

Tena lalamiko hili la tatu lina ujanja. Haliendi peke yake, linajificha nyuma ya hayo mawili. Mtu akiona aibu kusema "nimemkosa niliyemzoea," anasema "huyu hajui kuigiza." Huzuni inavaa nguo za uhakiki. Nadhani hapa ndipo dhuluma inapoanza, na mara nyingi mwenyewe hajui kwamba anadhulumu.

Wapenzi wa James Bond wamepitia hayo mara kadhaa. Sean Connery alicheza Bond tano za mwanzo, kuanzia 1962 hadi 1967. Mwaka 1969 akaja George Lazenby kutoka Australia, akacheza moja tu, na Connery akarudishwa 1971. Miaka mingi baadaye filamu ile moja ya Lazenby ikaja kuhesabiwa na wapenzi wengi kuwa miongoni mwa zilizo bora. Filamu haikubadilika hata picha moja. Waliobadilika ni watazamaji. Mwaka 2005 alipotangazwa Daniel Craig, wako waliotangaza kuigomea filamu yake kabla haijapigwa, na hoja mojawapo ilikuwa rangi ya nywele zake. Filamu ilitoka 2006, na Craig alibaki kwenye kazi hiyo hadi 2021. Siku alipoondoka, wengi waliuliza nani ataweza kukaa kwenye kiti chake.

Usama na watu wake

Hasha, simlinganishi sahaba yeyote na mwigizaji. Ninaolinganisha ni sisi, watu tunaotazama na kusema.

Mwishoni mwa uhai wake Mtume (S.A.W.) alimteua Usama bin Zayd kuongoza jeshi kwenda upande wa Sham. Usama alikuwa kijana, na kwa mapokezi yaliyo mashuhuri alikuwa hajavuka miaka 20. Ndani ya jeshi lile walikuwemo wakubwa wa Muhajirina na Ansari. Watu wakasema. Kijana huyu awaongoze wazee? Maneno yakamfikia Mtume naye akiwa mgonjwa. Kwa maana ya hadithi iliyopokewa na Bukhari, aliwaambia: mkiutia dosari uongozi wake, basi mliutia dosari uongozi wa baba yake kabla yake, na baba yake alistahiki, na huyu naye anastahiki.

Tulisome jibu hilo taratibu. Zayd bin Haritha, baba yake, alikuwa amekwishauawa shahidi Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, na heshima yake ilikuwa imetulia mioyoni. Mtume akawakumbusha kwamba huyo nao walimkataa siku yake ya kwanza. Aliwarudisha kwenye historia ya midomo yao. Yule mnayemtumia leo kumpimia mpya, naye alikuwa mpya, na mlimwambia hivi hivi.

Baada ya Mtume kufariki, wapo walioomba Usama abadilishwe, awekwe mtu mzima zaidi. Abu Bakr (R.A.) alikataa. Wanahistoria wanasimulia kwamba alilisindikiza jeshi kwa miguu, Usama akiwa juu ya kipando. Khalifa anatembea, kijana amepanda, na watu wote wanaona. Sidhani kama kuna hotuba ingeweza kusema zaidi ya hapo.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, nao ni wa yule anayeondoka. Mwaka wa 13 Hijria, yaani 634, Umar (R.A.) alimwondoa Khalid bin al-Walid kwenye uongozi wa majeshi ya Sham na kumweka Abu Ubaida. Sababu ambayo wanahistoria wengi wanaitaja ni kwamba watu walianza kuutundika ushindi kwenye jina la Khalid, na Umar alitaka wajue kuwa ushindi unatoka kwa Mwenyezi Mungu. Khalid hakurudi nyumbani kwa hasira. Alibaki akapigana chini ya aliyechukua nafasi yake. Na Abu Ubaida hakujaribu kuwa Khalid. Alikuwa Abu Ubaida, mpole, mwenye kupima, na kazi ikaendelea.

Umar alikiona kitu ambacho mshabiki hakioni. Mapenzi kwa mtu yakizidi, yanaila kazi yenyewe. Watu wanakuwa hawapendi tena ushindi, wanampenda Khalid. Hawapendi tena elimu, wanampenda ustadhi.

Ustadhi wetu

Nimefika nilipokuwa naogopa kufika.

Kwa miaka kadhaa mtaani kwetu kulikuwa na darsa la vijana kila Jumamosi baada ya Alasiri, kwenye chumba cha nyuma cha msikiti. Ustadhi aliyelisomesha alikuwa na kipaji. Akieleza Hijra unasikia miguu ya ngamia. Tulikuwa tunafika kama 30, wengine wanakaa mlangoni. Kisha akahama na familia yake, akaletwa mwingine.

Yule mpya alikuwa kijana, sauti yake ndogo. Alisoma kutoka kwenye kitabu, sentensi moja moja, na akikosea anarudi nyuma na kusema, "Samahani, niisahihishe." Hakutania hata mara moja. Jumamosi ya kwanza, kabla darsa halijaisha, mimi na wenzangu wawili tulitoka tukidai tuna mtihani. Jioni ile nikaandika kwenye kundi letu la simu: "Tumeletewa ustadhi wa bandia." Watu wakaweka alama za kucheka. Mmoja akaongeza lake, mwingine lake.

Hujurat aya ya 11 na ya 12 nilikuwa nimezihifadhi. Naweza kukupa tafsiri yake, sababu ya kuteremshwa na hukumu zilizomo: kutodharauliana, kwa kuwa huenda anayedharauliwa ni bora; kuepuka dhana; kutosengenyana. Siku ile hazikunijia hata kidogo. Elimu ilikuwa kichwani, kidole kilikuwa kwenye simu, na baina yao hapakuwa na njia.

Jumamosi ya pili walikuja 18. Baada ya miezi miwili walikuwa 9. Sikuwa miongoni mwao.

Nilirudi kwake kwa shida yangu. Nilikuwa na somo la mirathi chuoni, na masuala ya aul, pale mafungu ya warithi yanapozidi mali yenyewe, yalikuwa yamenishinda. Rafiki mmoja akaniambia yule ustadhi ni hodari wa mirathi. Nilikwenda nikiwa na aibu nusu. Alinikaribisha, akachukua karatasi, akanifundisha kwa saa nzima kwa utaratibu ule ule wa sentensi moja moja ambao niliuita udhaifu. Kwa mara ya kwanza nililielewa. Ule upole wake ndio uliokuwa ufunguo. Katika mirathi mzaha haukusaidii, kinachosaidia ni mtu anayerudi nyuma na kusema, "Niisahihishe."

Nilipokuwa naaga nilishindwa kujizuia. Nikamwambia kwamba ni mimi niliyeandika lile neno. Akasema, "Najua. Nilionyeshwa siku ile ile." Alilisoma, na Jumamosi iliyofuata alikuja kusomesha.

Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii: "Yule ustadhi wenu ndiye aliyenisomesha mimi tangu nikiwa mdogo. Mnadhani ni ninyi peke yenu mnaomkumbuka?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumemchukulia kama mtu aliyekuja kukalia kiti cha kipenzi chetu, na kumbe alikuwa mwenzetu katika kumkosa. Alikuwa na huzuni ile ile tuliyokuwa nayo, na juu yake tukamwongezea kazi ya kuadhibiwa kwa ajili yake.

Nilimwomba radhi, akanisamehe. Ningependa kukuambia, ndugu msomaji, kwamba nilikwenda kuwakusanya wenzangu na darsa likajaa tena. Nilijaribu. Walikuja watu 4, kisha 2. Wengine walikuwa wamekwishazoea Jumamosi zao mpya. Mwisho darsa lilifungwa. Sasa baada ya Alasiri chumba kile kina kufuli, na wadogo zetu, ambao hawakumjua ustadhi wa kwanza wala hawakuwa na ugomvi na wa pili, hawana darsa. Msamaha wake uliniondolea mimi dhambi baina yangu naye, inshaallah. Haukufungua kufuli.

Je, tumkubali kila anayekuja?

Mtu anaweza kuniambia: basi unataka tunyamaze, tumpokee yeyote tunayeletewa? Wahenga wamesema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nami nakubali kwamba methali hii ina kazi yake. Si kila kipya ni kheri. Wahenga hao hao wameonya kwa upande wa pili: kipya kinyemi, kingawa kidonda. Ziko nyakati watu wanakishangilia kibovu kwa kuwa ni kipya tu.

Cheo ni amana, na aliyepewa amana anaulizwa. Imamu asiyejua kusoma vizuri, kiongozi wa jumuiya anayekula michango, mwalimu asiyejiandaa, hao tuwaambie, na kwa adabu tuwaondoe ikibidi. Lakini tuwapime kwa kipimo cha kazi. Je, anaijua? Anaitimiza? Ni mwaminifu? Maswali haya matatu yana majibu, na anayeulizwa anaweza kujirekebisha. Swali la "mbona si yule?" halina jibu wala marekebisho. Tukilisikia linatoka midomoni mwetu, tujue kwamba hatumzungumzii tena yeye. Tunajizungumzia sisi.

Kwenye jumuiya yetu hili litatukuta kila mwaka, kwa sababu sisi wanafunzi tumeumbwa kwa kupita. Amiri anahitimu, mwingine anachaguliwa. Katibu wa wadada anaolewa au anahama, mwingine anakalia daftari lake. Kila mwaka kuna mtu anayesimama mbele yetu mara ya kwanza, karatasi inamtetemeka mkononi, na nyuma kuna mtu ananong'ona, "Angekuwa fulani…" Na fulani mwenyewe, kama tutakuwa wakweli, mwaka wake wa kwanza naye alinong'onewa.

Aliporudi

Nimalizie na filamu. Mwaka 2016 Damon alirudi, na Greengrass akarudi naye. Filamu ikaitwa Jason Bourne, jina lenyewe bila kificho. Wale waliolia "si yeye" walipata walichokitaka. Ilifanya biashara nzuri, lakini wengi waliotoka kuiangalia walisema kuna kitu kimepungua. Ni yeye, na bado si yeye.

Nilimwekea mjomba filamu hiyo wiki chache baada ya Idi, makusudi. Aliiangalia mpaka mwisho kwa heshima. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Amezeeka." Halafu akacheka mwenyewe: "Nami nimezeeka." Akaanza kunisimulia kuhusu kibanda cha video alichokuwa akienda, benchi lisilo na mgongo, joto, rafiki zake watatu waliokuwa wakichanga hela za kuingilia, mmoja sasa marehemu. Kuhusu Matt Damon hakusema neno.

Hapo nikaelewa alichokuwa akikitafuta kwenye skrini siku ya Idi. Alikuwa anatafuta benchi lile, na marehemu yule, na umri wa miaka 20 na kitu, na Jason anayeongea Kinyarwanda. Renner angewezaje kumrudishia hayo? Damon mwenyewe hakuweza. Na mimi nilipoandika neno lile kwenye simu, nilikuwa nataka Jumamosi za utoto wangu zirudi, na kwa kuwa hazirudi nikamtoza ustadhi.

Kumpenda aliyetangulia si kosa. Ni katika wema kumkumbuka mtu aliyekutendea mema, na njia zake zinajulikana: muombee dua, mpigie simu umsalimie, yafanyie kazi aliyokufundisha. Hayo ndiyo anayodai aliyeondoka. Hadai umkunjie uso anayemfuata. Kama ustadhi wetu wa kwanza angesikia kwamba kwa mapenzi yetu kwake tumelifunga darsa lake, sijui tungemtazama vipi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, atakapokuja mpya, kaa naye mpaka mwisho wa darsa. Ukiwa na huzuni, iite huzuni, usiiite uhakiki. Ukiwa na hoja, mpelekee yeye ana kwa ana, usiipeleke kwenye kundi. Na kama ulikwishaandika neno, nenda leo, kwa sababu msamaha hauchelewi kwa mtu mwema, lakini kufuli huwahi.

Nami mwenyewe Jumamosi hii nimeomba ufunguo wa chumba kile. Nitasoma na wadogo zetu sura fupi na tajwidi kidogo, kadiri ya ninachokijua, na ustadhi amekubali kuja kunisikiliza na kunisahihisha. Najua watasema si yeye. Watakuwa wamesema kweli.

Ewe Mola, tusamehe tuliyoyasema juu ya waja wako kwa mzaha, wahifadhi walimu wetu waliotangulia na waliowafuatia, na utujaalie tuwe wepesi kwa wanaokuja baada yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.